Mchambuzi wa Makombora wa Kanyakine

Mjomba wangu alilitumikia jeshi mpaka akastaafu, na muda wote huo kazi yake ilikuwa stoo. Aligawa blanketi, buti, sufuria na sabuni. Sina neno na kazi hiyo. Askari asiye na buti hafiki popote. Neno langu linaanza aliporudi nyumbani Kanyakine akagundua kwamba hakuna mtu anayetaka kusikiliza habari za blanketi. Watu walitaka vita. Basi akawapa vita.

Alianzia kwa kinyozi pale sokoni, ambapo wanaume huketi asubuhi nzima bila kunyolewa. Kutoka hapo akapanda hadi redioni. Mjini Meru kulikuwa na kituo kimoja kinachotangaza kwa lugha yetu, na Jumamosi asubuhi kilikuwa na kipindi cha habari za dunia. Mtangazaji wake, kijana mwenye sauti nzuri na kichwa kitupu, alimwalika mjomba siku moja azungumzie vita fulani vya mbali. Simu zikamiminika, na tangu hapo mjomba akawa na kiti chake studioni. Walimwita Kamanda. Alikuwa amestaafu akiwa sajini, lakini sikuwahi kumsikia akimrekebisha mtu aliyemwita Kamanda. Alikohoa kidogo tu na kunyoosha kola.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari ya huko huko kwetu. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusikiliza watu wakieleza mambo wasiyoyaelewa, kwa hiyo masikio yangu yamezoea. Lakini wanafunzi wangu wakikosa jibu huinamisha kichwa. Mjomba akikosa jibu alipandisha sauti.

Kisha ikaja habari ya meli. Wapiganaji fulani waliokuwa wameshika ufuo wa Bahari ya Shamu, pale maji yanapobanwa na nchi kavu pande mbili, walianza kuzipiga meli za mizigo zilizokuwa zikipita. Hawakuwa na manowari. Walikuwa na malori. Nyuma ya lori, mahali ambapo sisi tungepakia viazi, palikuwa pamefungwa mirija mikubwa ya chuma yenye makombora ndani. Kombora likitoka humo lilikwenda kuitafuta meli ambayo hata dereva wa lori haioni, kwa sababu iko mbali kupita macho ya mtu. Nilikuja kusoma baadaye kwamba nchi nyingi zenye pwani zina malori ya namna hiyo, na zote husema ni ya kujilinda. Mjomba aliyapenda jinsi mtu anavyopenda gari la tajiri.

"Nyinyi mnafikiria kupiga meli ni mpaka uwe na meli?" aliwauliza wasikilizaji. "Wapi! Unahitaji lori na dereva. Lori linatoka gereji, linatoa turubai, linafyatua, linarudi gereji. Dereva anapata chai yake haijapoa."

Mtangazaji alicheka mpaka akapaliwa. Simu zikapigwa. Mtu mmoja wa Timau aliuliza kama yale malori ya kubebea ngano hayawezi kugeuzwa yakafanya kazi hiyo. Mwingine akapiga kutoka Mbeere, akataka kujua kwa nini serikali isiweke lori moja pale Kiambere lilinde bwawa na stima yetu. Bwawa la Kiambere lina mamba, viboko na vijitumbwi vya wavuvi wa kambare. Nilingoja mjomba acheke. Hakucheka.

"Swali zuri sana hilo," alisema. "Kimkakati, inawezekana."

Nilikuwa jikoni nikimenya viazi. Niliizima redio kwa ncha ya kisu.

Muda si mrefu wanaume wa soko letu, ambao wengi wao hawajawahi kuona bahari, walikuwa wakibishana ni lori la nchi gani Kenya inunue kulinda Mombasa. Walilichagua kama watu wanaochagua fahali: hili lina magurudumu mengi, lile linafika mbali, hili likifyatua moshi wake ni mweupe. Walikuwa na vidio kwenye simu zao na walizitazama wakiwa wamegandamana mabega. Nyuma yao, migomba yao ilikuwa imeangushwa na upepo tangu mvua zilizopita na hakuna aliyeona haja ya kuiwekea mti wa kuiegemeza. Kila nilipopita nikitoka shuleni waliniita, "Mwarimu, kuja uone!" Niliwaambia nina madaftari ya kusahihisha. Ukweli ni kwamba sikutaka kuwaona wakifurahi.

Jambo ambalo mjomba hakulitaja redioni ni kwamba alikuwa na mpwa baharini.

Mdogo wangu, mwanamume pekee kwa mama yetu, alikuwa fundi wa vyumba vya baridi katika shamba moja la maua huko Timau. Timau kwenyewe ni baridi, na yeye alishinda ndani ya baridi iliyotengenezwa na mitambo, akahakikisha waridi halifunguki kabla ya kufika Ulaya. Hapo akasikia kwamba meli zinazobeba makontena ya vyakula na maua huajiri watu wa kuyaangalia njiani, yasipoteze ubaridi. Akateremka Mombasa, akasoma, akapata kazi. Aliporudi likizo ya kwanza tulimuuliza baharini kukoje. "Ni Timau ile ile," alisema, "ila inatikisika."

Mkewe, wifi yangu, ni Mmbeere wa upande wa Kiambere. Wakati huo alikuwa akiishi Embu mjini na mtoto wao, akiuza ndengu na maembe sokoni. Ni mwanamke mfupi, ana macho makali, na hasemi neno kama kutikisa kichwa kunatosha. Alipokuja kutusalimu msimu ule alimwendea mjomba na kumuuliza kwa heshima zote, "Mjomba, hiyo njia unayosema kwa redio, si ndiyo baba wa mtoto hupitia?"

"Usiogope, mwanangu," mjomba akamjibu, mkono begani kwake. "Hizo silaha ni za maana. Hawawezi kupoteza kombora kwa meli ya watu wadogo."

Wifi alitikisa kichwa, sikujua kama ni kukubali au kukataa.

Mwaka huo mama alitolewa mtoto wa jicho. Kwa muda mrefu alikuwa akitutambua kwa sauti na kwa harufu ya sabuni zetu, na sasa jicho moja lilikuwa limefunguka akaanza kutukosoa mavazi. Tukamwandalia maombi ya shukrani, Jumapili baada ya kanisa. Pasta alikuja, wanawake wa ushirika walikuja, majirani walikuja, wifi akapanda kutoka Embu na mtoto. Tulipika mukimo na kuku. Mama aliketi kwenye kochi mbele ya televisheni, kitambaa kipya kichwani, akitazama kila mtu usoni kwa zamu kama anayeangalia picha.

Baada ya chakula, wanawake tukiwa tunatoa vyombo, mjomba alichomeka waya kutoka simu yake hadi kwenye televisheni.

"Dada," alimwambia mama, "umesikia mambo yangu kwa redio siku nyingi. Leo uyaone na hilo jicho jipya."

Vidio ilikuwa imewekewa muziki. Kwanza lilionekana lori likitoka chini ya paa la mabati, lori la kawaida kabisa, lina hata matope kwenye magurudumu. Turubai likavutwa. Mirija ikainuka. Moto ukatoka, lori likatingishika, wanaume wa pale sebuleni wakasema "Uuui!" kwa pamoja, pasta akiwemo. Halafu picha ikabadilika, ikaonyesha meli ya mizigo kutoka mbali, ndogo, imetulia juu ya maji ya kijivu. Ikapita dakika ya kutotokea kitu. Kisha ubavu wake ukapasuka kwa moto na moshi mweusi ukaanza kupanda.

Walipiga makofi. Nayakumbuka yale makofi kuliko kitu chochote cha siku ile. Yalikuwa makofi ya watu walioshiba.

Wifi alikuwa mlangoni na trei ya chai. "Rudisha," alisema.

Mjomba aligeuka akitabasamu. "Mnaona? Hata wanawake wameipenda!" Akairudisha nyuma.

Wifi alinipa trei. Alikwenda mpaka mbele ya televisheni, akapiga magoti kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, akaweka kidole juu ya kioo. Bomba la moshi la ile meli lilikuwa na mistari miwili ya manjano, na chini yake herufi nyeupe. Mume wake alikuwa amemtumia picha nyingi akiwa amesimama chini ya mistari hiyo, amevaa kofia ya plastiki, akicheka.

"Hii ni meli ya mume wangu," alisema.

Muziki wa vidio ulikuwa bado unalia. Mjomba alisema, "Meli hufanana, mwanangu," akawa anababaika na simu akitafuta mahali pa kuizima, na kwa kubabaika akaianzisha tena upya, kwa hiyo mama yangu akalitazama lile lori likitoka chini ya mabati mara nyingine. Mtu fulani akachomoa waya. Pasta akasema tuombe.

Tulipiga simu ya mdogo wangu ikawa haipatikani. Tukampigia wakala wa meli Mombasa, mtu mwenye lugha laini kama siagi, ambaye kila tulipompigia alituambia kwamba kampuni inafuatilia na tuwe na subira. Tulimuuliza kama meli imezama. Kampuni inafuatilia. Tulimuuliza kama watu wameokolewa. Tuwe na subira. Wifi alirudi Embu kwa sababu maembe yake yalikuwa yanaoza, na kwa sababu, aliniambia, hapa kwetu watu walikuwa wamekwisha kuanza kumtazama mtoto wake kama yatima.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwa mama. Alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo, na redio ilikuwa wazi kwa kuwa hakuwahi kukosa kipindi cha ndugu yake hata siku moja. Mama alimpenda yule mtu. Alimbeba mgongoni akiwa mdogo, na kila tuliponung'unika alituambia kwamba mjomba ana akili nyingi ila hakupata bahati.

Sauti ya mjomba ilikuwa ya chini kuliko kawaida. Alisema vita sasa vimefika mlangoni kwake. Alieleza habari za meli, akaeleza aina ya kombora, akaeleza jinsi linavyoruka chini karibu na mawimbi lisionekane. Nilifikiri ataishia hapo. Akaendelea.

"Kombora kama hili hutafuta chumba cha injini," alisema. "Mtu aliye huko ndani haponi. Kwa uchambuzi wangu, wasikilizaji, na kwa uchungu mwingi, kijana wetu ametutoka."

Mdogo wangu hakuwa hata wa chumba cha injini. Mama aliweka ungo chini taratibu, maharagwe yasimwagike, akaenda kuizima redio. Vidole vyake vilipapasa huku na huku mbele ya vitufe. Jicho lilikuwa linaona, lakini hakuweza kukipata kitufe cha kuzimia. Alianguka pale pale, kati ya kabati na kiti.

Kabla ya saa sita uwanja ulikuwa umejaa. Hayo ndiyo mambo ya kwetu, na siyadharau: watu walibeba kuni, maziwa, sufuria, wengine wakaacha majani ya chai yao shambani bila kuyapeleka kwenye kituo cha kuuzia chai. Hema likaja. Viti vya kanisa vikaja. Mama alikuwa amelazwa kitandani, muuguzi wa zahanati akimpima presha, na nje kilio kilikuwa kimepamba moto. Ndipo likaja gari la kituo cha redio. Akashuka mjomba, amevaa suti nyeusi, akashuka na yule mtangazaji, na nyuma yao kijana mwingine amebeba kifaa cha kunasia sauti. Walikuwa wamekuja kurekodi kilio.

Nilisimama mlangoni nikamwambia mjomba hawaingii.

"Ni kumbukumbu," aliniambia. "Huyu ni shujaa wetu. Dunia lazima isikie."

"Dunia gani? Hii redio haifiki hata Mombasa."

"Wewe mwalimu," alisema, "unajua sarufi. Haya mambo ya kivita waachie wenyewe."

Walirekodi pale nje, chini ya hema. Walimweka jirani mmoja mbele ya kile kifaa, akalia vizuri, mtangazaji akamwomba alie tena kwa sababu mara ya kwanza jogoo alikuwa amewika.

Wifi alifika jioni. Habari alikuwa ameipata sokoni Embu, kutoka kwa mteja aliyekuwa akinunua ndengu na kusimulia huku anapimiwa. Wanawake walipomwona anaingia langoni, mtoto mgongoni, walimkimbilia wakiangua kilio, mikono juu. Alisimama. Akawatazama mmoja mmoja.

"Nani ameona maiti?" aliuliza.

Kilio kikapungua. Hakuna aliyekuwa ameona.

"Nani ameongea na kampuni?"

Hakuna.

"Basi nipeni chai. Nimetoka mbali."

Walimletea chai. Alikunywa ameketi kwenye kiti cha matanga, katikati ya hema la matanga ya mume wake, akachovya mkate. Wazee wengine walisema baadaye kwamba hana huzuni, kwamba Wambeere ni watu wagumu. Mimi nilikaa karibu naye na nikaona kikombe kinavyogongana na meno yake. Lakini hakutoa chozi, na mtoto akilia alimwambia, "Nyamaza, baba yako yuko kazini."

Simu ilikuja siku za katikati ya juma, nikiwa chumba cha walimu. Namba ilikuwa ya nje. Nilidhani ni wale matapeli wa simu.

"Dada, ni mimi," ilisema sauti. "Huko nyumbani kuna nini? Nimempigia jirani akapiga mayowe. Ati yuko kwa matanga yangu."

Sikumbuki nilijibu nini. Wenzangu wanasema niliimba. Alikuwa hospitalini, katika bandari ya nchi ambayo jina lake alilitamka vibaya. Mkono mmoja ulikuwa umeungua na sikio moja lilikuwa halisikii. Walikuwa wameshuka majini kwa boti ya kuokolea, wakaokotwa na meli nyingine. Kisha akasema, "Mwenzangu tuliyelala chumba kimoja amekufa." Alikuwa Mfilipino, mpishi msaidizi, ambaye mdogo wangu alikuwa akituambia habari zake kila likizo, jinsi alivyoweka siki kwenye kila kitu.

Nilikimbia kwa mama na viatu vya shuleni kupitia mashamba ya watu. Mama alipoisikia sauti ya mwanawe kwenye simu alimwambia tu, "Sema tena." Akasema tena. "Sema tena." Aliambiwa aseme mara nyingi mpaka salio likaisha.

Hema likashushwa. Watu walicheka na kulia, wakala chakula cha matanga kama cha harusi. Mjomba alikuwepo, akila. Wifi alimfuata akasimama mbele yake.

"Mjomba, sasa utangaze kwamba yuko hai."

"Mimi sikusema amekufa," mjomba akajibu. "Nilisema kwa uchambuzi. Uchambuzi ni uwezekano."

"Tangaza."

"Kipindi ni Jumamosi. Redio ina utaratibu, mwanangu. Hata hivyo lazima kwanza nijue kombora liliingilia wapi ndiyo niseme kitu kamili."

"Sawa," wifi akasema. "Jumamosi."

Jumamosi asubuhi tulikuwa Meru mjini, mimi na yeye. Kituo kiko ghorofani, juu ya duka la magodoro. Msichana wa mapokezi alituuliza tunamtaka nani. Wifi alikuwa ameketi tayari, mkoba magotini.

"Mume wangu ameuawa hapa," alimwambia. "Nimekuja afufuliwe hapa hapa."

Msichana alikimbilia ndani. Kupitia kioo nilimwona mtangazaji akiinua macho, akatuangalia, kisha uso wake ukang'aa. Huyo hakuwa mtu wa kuona aibu. Aliona kipindi kizuri. Alitupungia mkono tuingie. Mjomba alikuwa upande wa pili wa meza, vifaa vya masikioni vimembana mashavu, na mbele yake picha ya lori la makombora aliyoichapisha kwa rangi na kuitia nailoni kama kitambulisho. Alituona, akajaribu kusimama, waya ukamvuta akaketi tena.

Wifi alisogezewa kipaza sauti. Aliongea Kimbeere, ambacho sisi Wameru tunakisikia bila shida.

"Mimi ni mke wa yule mliyesema amekufa," alisema. "Hajafa. Yuko hospitalini, anakula. Mliolia, asanteni. Mliobeba kuni, Mungu awabariki. Nimekuja kusema hivyo tu."

"Mama," mtangazaji akasema kwa ile sauti yake ya asali, "ebu tuambie, Kamanda alipotangaza habari ile, moyoni ulisikia vipi?"

"Huyu si kamanda," wifi akasema. "Huyu alikuwa anagawa blanketi."

Nilimwona mjomba akikohoa kidogo na kushika kola.

"Hiyo kazi si mbaya," wifi aliendelea. "Ungetuambia habari za blanketi tungekusikiliza, kwa sababu hapo unajua. Mama yako wa pili, dada yako aliyekubeba, alianguka sakafuni kwa ajili ya maneno yako. Hujaenda hata kumsalimu chumbani. Ulikula ukaondoka."

Akakisukuma kipaza sauti. Tulishuka ngazi. Chini, muuza magodoro alikuwa amesimama mlangoni na redio yake, akatupisha kwa heshima kama watu waliotoka kanisani.

Ningependa kuandika kwamba mjomba alifukuzwa. Hakufukuzwa. Kituo kilikata yale maneno ya wifi, kikayatumia kama tangazo la kipindi kwa wiki kadhaa: sauti yake ikisema "Huyu si kamanda," halafu ngoma, halafu sauti ya mtangazaji ikiwaalika wasikilizaji wasikose Jumamosi. Wasikilizaji hawakukosa. Wale wale waliokuja na kuni walirudi kwa kinyozi wakaendelea kutazama malori. Tangu siku hizo nimekuwa nikiwasalimu kwa adabu inayotakiwa, na chini ya hiyo adabu hakuna kitu.

Mdogo wangu alirudi akiwa amekonda, mkono umefungwa bendeji, na alikuwa akigeuza kichwa upande ili akusikie. Mjomba alikuja kumwona akiwa na kuku mwekundu chini ya kwapa. Tulikuwa sebuleni, mama, wifi, mimi na yeye. Mjomba alimkumbatia, akaketi karibu naye, na hakuweza kungoja hata chai.

"Ebu niambie, uliliona likija? Lilikuja chini chini, siyo?"

"Sikuona kitu, mjomba. Nilikuwa nafua soksi."

"Lakini mlio? Lilikuwa na mlio gani? Kwa mlio tunaweza kujua ni la aina gani."

"Nilisikia kishindo, maji ya karai yakanirukia. Halafu taa zikazima. Nilienda kumtafuta rafiki yangu jikoni, lakini mlango ulikuwa na moto nikaungua huu mkono. Nilimwita. Aliitika mara ya kwanza."

Wifi alimwekea mkono mgongoni. Kuku alikuwa akikwaruza sakafu chini ya kiti.

"Pole," mjomba akasema. "Lakini hilo shimo lililobaki ubavuni, lilikuwa la ukubwa gani? Kama mlango? Kama hili dirisha?"

Mama aliinuka. Alimtoa kuku chini ya kiti, akamweka mapajani mwa ndugu yake.

"Chukua kuku wako uende," alimwambia.

"Dada, nauliza tu—"

"Nimesikia unachouliza. Nenda."

Akaenda. Mama aliketi tena, akanyoosha kitambaa cha meza kilichokuwa kimenyooka, na hakumtetea mbele yetu tangu siku hiyo. Mjomba siku hizi anachambua ndege zisizo na rubani. Nimeambiwa anazijua vizuri sana.

Mdogo wangu na mkewe wanaishi Timau. Amerudi kwenye vyumba vya baridi, shamba lingine, na wifi anauza mitumba ya makoti, akilalamikia baridi kwa Kimbeere kila nikienda. Mara ya mwisho nilipowatembelea, mdogo wangu aliniomba nimsaidie kumwandikia ujumbe dada wa yule rafiki yake, kwa Kiingereza, kwa kuwa aliona cha kwake hakitoshi. Tulikaa mezani na simu kati yetu. Nilimuuliza anataka kusema nini. Alifikiri sana.

"Mwambie alikuwa anapika wali," alisema. "Mwambie wali wa jioni ile ulikuwa unanukia mpaka kwenye ngazi."

Niliandika hivyo. Wifi akasema niongeze kwamba mtoto wetu hajambo na kwamba huku mvua imeanza. Nikaongeza.